Picha ya Maji ya Kijani

Kila alipotoka shule, Ramla alipitia kwenye kibanda cha mjomba wake Zakari, mpiga picha wa barabarani jijini Lubumbashi. Watu walikuja hapo kupigwa picha za vitambulisho. Wakikosekana, mjomba alitoka na kamera yake kupiga vitu ambavyo wengine huvipita bila kuvitazama: makaa yaliyopangwa mafungumafungu, viatu vya watoto vilivyoanikwa ukutani, vumbi jekundu likipigwa na jua la saa kumi. Mjomba alikuwa amempa Ramla simu yake ya zamani ajifunzie.

"Tembea, tazama," mjomba alimwambia. "Uzuri iko kila fasi, kila mahali. Foto yenye itanifurahisha, nitaitoa kubwa, niitundike hapa mlangoni."

Basi, Ramla aliutaka mlango ule kuliko kitu chochote duniani! Alipiga picha za makaa, akapiga za viatu, akapiga za mbuzi wa jirani yao Mama Marceline mpaka mbuzi wenyewe wakawa wanamkimbia. Mjomba alitikisa kichwa tu. Ndipo alipokumbuka kijito cha nyuma ya mtaa, kinachopita chini ya kiwanda cha shaba. Tangu juzi maji yake yalikuwa yamegeuka kijani, kijani cha kung'aa, kizuri kuliko vitenge vyote vya sokoni.

Mama yake alikuwa amekataza. "Kule kwa kijito musiende. Ile maji haiko muzuri." Hakueleza zaidi, na Ramla hakuuliza.

Jumamosi asubuhi alimshika mkono mdogo wake Mawazo, mtoto wa miaka sita, wakashuka hadi kijitoni. Yeye mwenyewe alibaki ukingoni na simu yake.

"Ingia mpaka magotini," alimwambia. "Haya, inua mikono."

"Yaya, maji inawasha," Mawazo alimwambia dada yake.

"Vumilia kidogo! Cheka basi."

Mawazo alimpenda sana dada yake, hivyo akacheka. Ramla akapiga. Picha ilitoka nzuri ajabu, na Ramla akaruka kwa furaha.

Furaha hiyo haikufika nyumbani. Njiani Mawazo alianza kulia, na walipoingia uani ngozi ya miguu yake ilikuwa nyekundu, imejaa malengelenge. Mama alimbeba mgongoni mbio hadi kituo cha afya, Ramla akiwafuata nyuma. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa guu halikuwa la yule asiyesikia.

"Nini ilimuunguza huyu mutoto?" aliuliza muuguzi Agnès.

Ramla aliogopa. "Chai," akajibu haraka. "Sufuria ya chai ilimwangukia kule kwa jirani."

Mawazo alimtazama dada yake. Ramla aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Chai gani yenye kuunguza miguu yote mbili sawasawa?" Agnès alishangaa.

"Wallahi, ni chai."

Agnès akapaka dawa ya kuungua moto, akafunga bandeji. Mawazo aliendelea kupiga mayowe. Mjomba Zakari, aliyekuwa amepata habari, alifika akihema. Ramla, akikwepa macho yake, aliinamia simu na kuikuza ile picha. Alitaka angalau aone kitu kizuri.

Alichokiona kilimtoa jasho. Nyasi zote za ukingoni zilikuwa zimekufa, nyeupe kama majivu. Na nyuma ya Mawazo, Tracy, binti wa Mama Marceline, alikuwa ameinama akijaza kidumu. Mabomba ya mtaa yalikuwa makavu wiki nzima, na maji yale ukiyachota kidogo huwezi kuona rangi yake. Tracy alikuwa pale pale, mbele ya macho yake, na Ramla hakumwona!

"Mjomba!" alipiga kelele. "Tracy alichota ile maji! Batakunywa! Haikuwa chai, ni mimi nilimwingiza Mawazo kwa kijito!"

Agnès aliitazama picha. "Toeni bandeji!" akafoka. "Hii ni asidi ya kiwandani, ingali inakula ngozi. Leteni maji safi, mengi!"

Mjomba alikuwa ameshatoka mbio. Alimkuta Mama Marceline amebandika maji ya kusongea bukari, yaani ugali, jikoni, akaipiga teke sufuria yote. Alhamdulillahi, hakuna aliyekuwa ameonja.

Picha ile ilipelekwa kwa shefu, mkuu wa mtaa. Bomba la kiwanda lililokuwa likivuja likapatikana, likazibwa, na kijito kikazungushiwa uzio. Lakini Mawazo alilala kitandani majuma mengi, na vidole viwili vya mguu wake wa kushoto havikunyooka tena. Agnès hakuficha. "Ungesema kweli pale pale," alimwambia Ramla, "tungemwosha mapema, vidole vingepona."

Mjomba aliikuza ile picha, akaitundika kwenye uzio wa kijito, ikiwa na maandishi mekundu ya kuonya watu. Siku aliyoweza kutembea tena, Mawazo alikuja akichechemea, akaitazama.

"Yaya, nilicheka muzuri, siyo?"

Ramla akaangua kilio. Mjomba akamshika bega.

"Mimi pia nilikosa," alisema. "Nilikufundisha kutafuta uzuri, sikukufundisha kuangalia muntu. Hapa Mawazo hacheki kwa furaha. Anacheka sababu wewe ulimwambia acheke, na miguu inamuuma. Kabla ya rangi, angalia muntu. Na kama kosa ni yako, mwanangu, iseme mbio, wakati kweli ingali inaweza kumuponyesha mwenzako."