Kadi Mahali pa Ramani

Foleni ya Jumatatu kwenye hifadhi ya nyaraka ilifika hadi ngazini, watu wakijipepea kwa fomu zao. Mtunza nyaraka alikuwa hoi kabla ya saa nne. Ndipo fundi cherehani mmoja, shati la kijani limenyooka kwa pasi, akamsogezea fomu nusu tupu.

“Dada, natafuta ramani ya wapimaji wa kwanza wa mkoloni. Wale waliopima kwa minyororo.”

“Unapima ardhi au unapima subira yangu? Hujaandika namba.”

“Namba ya ramani, au ya simu yako?”

Alicheka bila kupenda. Siku hiyo akampa ya ramani. Wiki iliyofuata akampa na ya simu.

Fundi alimbatiza Mwenye Funguo. Alimshonea gauni la zambarau bila kumpima, kwa kukadiria kwa macho tu, nalo likamkaa kama limezaliwa naye. Kila mchana alipiga simu. “Mwenye Funguo, moyo wangu umeuweka rafu ipi?”

“Ya vitu vilivyochakaa.”

Kisha ramani yenyewe ikapatikana. Mwenye Funguo aliifungua peke yake katika chumba cha nyaraka kisicho na dirisha, feni ikikoroma. Mpimaji alikuwa amechora mpaka kwa wino wa kahawia, akaandika jina la babu yake fundi, na katikati akatia kisima. Kwenye kisima kile Mwenye Funguo alikuwa akiteka maji tangu utotoni. Kiko uani kwa baba yake.

Kuitoa ramani ni kumtoa baba nyumbani. Kuificha ni kumwibia mpenzi. Akaifungia kwenye droo yake.

“Imepatikana, mpenzi?”

“Bado.”

“Baraza la ardhi linakaa Ijumaa! Mama hana ushahidi mwingine kwamba ardhi ni ya babu.”

“Nimesema bado! Unanibana!”

Lakini kazini kwao, kinachotolewa rafuni huachiwa kadi yenye jina la aliyekitoa. Miaka sita ya mazoea iliuongoza mkono wake: alipokuwa akiiba, alijaza kadi, akatia na saini. Alhamisi fundi alileta fomu mpya. Mfanyakazi mwenzake Mwenye Funguo akaenda rafuni, akarudi na kadi.

“Ramani anayo huyu hapa.”

Fundi aliisoma kadi mara mbili. “Unaniita mpenzi, kumbe umeikalia haki ya mama yangu?”

Akaondoka. Simu saba, hakupokea hata moja.

Ijumaa asubuhi alimkuta Mwenye Funguo mlangoni pa baraza, ndani ya gauni la zambarau, macho yamevimba, mkononi nakala ya ramani yenye muhuri.

“Chukua. Unaona kisima? Leo kiko uani, kwenye nyumba ya bati jekundu.”

“Naijua. Kuna mzee pale...”

“Ni baba yangu. Jana nimemwambia yote. Yumo ndani, amekaa mbele.”

Fundi aliishika karatasi kama inaunguza. “Siwezi kuirudisha, Mwenye Funguo. Mama yumo humo humo.”

“Sijakuomba uirudishe.”

“Basi twende wote.”

“Nikae benchi la upande gani?”

Ndani karani akaita kesi yao. Fundi akamnyooshea ukosi wa gauni, taratibu, kama siku alipomvalisha.

“Usikae. Simama hapa hapa. Atakayeshinda na atakayeshindwa, wote watapitia mlango huu. Mimi nikitoka nitasimama nawe.”

“Na baba akinipita bila kunitazama?”

“Tutamfuata,” alisema fundi, akaingia.