Ufito Uliokatwa Mapema

"Chukua chaja, urudi," dada yake alimwambia. "Polepole. Na usibebe hata kijiti."

Jua lilikuwa linazama. Injinia alicheka akashika njia ya karakana. Mtaa ulimwita hivyo kwa kejeli: digrii ya uhandisi kabatini, na kazi yenyewe kupiga msasa majeneza ya shemeji yake. Mwezi uliopita moyo ulimwangusha humo humo, katikati ya vumbi la mbao, mkono wa kushoto mzito kama gogo.

"Heart attack, at your age?" daktari alishangaa.

Alitaka nini? Mtu anatuma maombi ya kazi mpaka vidole vinaota sugu, anajibiwa "we regret to inform you", halafu moyo utulie? Come on.

Lakini alipona. Dawa asubuhi, dawa jioni, matembezi mafupi. Ngazi sasa alipanda bila kushika ukuta.

Karakana ilinuka gundi, mbao mbichi... na spiriti. Ile ile waliyompaka kifuani hospitalini.

Alibonyeza swichi. Umeme hakuna.

Nyuma ya mlango palikuwa na ufito.

Kila jeneza pale lilianza na ufito. Shemeji aliukata kwa urefu wa marehemu, akachonga sanduku, kisha akauvunja vipande viwili na kuvizika pamoja na marehemu. Ufito mzima haukubaki humo hata siku moja.

Huu ulikuwa mzima.

Tk... tk... tk...

Ulikuwa unagonga ukuta. Injinia akashika kifua. Moyo wake ulikuwa unapiga vivyo hivyo.

Hapana. Moyo wake ulikuwa unaufuata.

"Usiuguse," sauti ilinong'ona.

Shemeji alikuwa ameketi kwenye benchi, gizani, kajikunyata.

"Shem, ufito wa nani huu?"

Shemeji akainamisha kichwa.

"Shem!"

"Wako." Akaunyooshea kidole. "Ulikuwa huhemi, bwana. Midomo ya bluu. Watu wanapiga kelele, gari halipatikani... nikashtukia nimeshika msumeno. Mikono imezoea."

"Ulinipima nikiwa hai?"

"Nilikosea."

"Mtu anakosea chumvi, Shem! Mbona hukuuvunja?"

"Na wewe je, ukivunjika nao? Nimeutupa, umerudi. Nimeuchoma, hauwaki. Marehemu baba alinionya: ufito ukishakatwa unataka mtu wake. Akiukataa, unatafuta mwingine wa urefu ule ule."

Injinia alitoa kicheko kikavu. Mbao ni mbao. Physics. Akachomoa chaja ukutani, akageuka.

Nyuma ya mlango hapakuwa na kitu.

"Umeuweka wapi?"

"Mimi? Sijanyanyuka hapa..."

Urefu ule ule.

Tangu utotoni watu walidhani yeye na dada yake ni mapacha. Walivaliana mashati. Mabega sawa. Utosi sawa.

Akakimbia. Daktari alikataza. Akakimbia.

Dada alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba, ufito kausimamisha pembeni yake.

"Nani kaegemeza kijiti hiki hapa? Tazama, kimenilingana mpaka utosini!" Alitabasamu, kisha akakunja uso. "Ila mkono huu wa kushoto... umekufa ganzi ghafla."

"Nipe."

"Wewe si umekatazwa kubeba..."

"Dada, nipe!"

Akaunyakua. Ulikuwa wa moto, kama ngozi ya mtu mwenye homa. Akaulaza juu ya goti. Kifua kilibana, kilikaza, jasho la baridi likamtoka, lile lile la siku ile.

Akaukandamiza.

Kacha!

Moyo ukanyamaza.

Alisubiri. Alimwona dada akinyoosha vidole, akivikunja, akisema, "Ah, ganzi imeniachia." Alimsikia kwa mbali, kama mtu aliye chini ya maji.

Akasubiri...

Du.

Du. Du.

Akaketi chini, akalia kama mtoto, vipande viwili mapajani.

Hatua zikaja mbio. Shemeji, anatweta, fulana imelowa. Akaona vipande, akamwona mkewe yuko salama, akashika ukuta.

"Mume wangu," dada alisema, "umemwacha nani karakanani?"

"Hakuna mtu. Nimefunga."

"Sasa hiyo ni nini?"

Wote watatu wakageukia karakana.

Krr... krr... krr...

Msumeno. Taratibu, bila haraka, ukikata kitu chembamba.

Shemeji akafumbua kiganja. Funguo za karakana zilikuwa humo, zote.