Duara Lisilokauka

Majini wa mapangoni mmesimuliwa, na wa vyooni mmesimuliwa. Huyu wa darasa la watoto hamjamsikia, kwa sababu wa kumsimulia sawasawa hakuzaliwa mpaka nilipozaliwa mimi. Basi vuteni viti, na mwenye mtoto amshike.

Rangi ilikataa kukauka. Ndivyo mambo yalivyoanza.

Mwalimu wa sanaa alikuwa amewaonyesha watoto kazi za mchoraji mmoja wa India wa zama hizi, bingwa wa maduara: duara jeusi limezungukwa pembeni na rangi za moto, ukilitazama sana unahisi nalo linakutazama. Kisha akawagawia karatasi, brashi na vikopo vya rangi. Kila mtoto achore lake, alikodolee macho mpaka moyo utulie.

Wote walitulia isipokuwa mtoto wa kaka yake mwalimu, aliyekuwa akimlea tangu kaka huyo afariki. Walimwita Chiriku, kwa ule mdomo wake usio na breki.

"Shangazi, kwa nini jeusi? Shangazi, hili ni shimo? Shangazi, na huyo mchoraji..."

"Wee mtoto, utamaliza hewa ya wenzako! Hayo maneno yote yamwage humo kwenye duara, uniache nipumue."

Darasa likaangua kicheko. Chiriku akainama, mdomo karibu uguse rangi mbichi, akanong'ona, akanong'ona. Alipoinuka hakusema kitu. Mwalimu akamshukuru Mungu. Masikini, hakujua anashukuru nini.

Karatasi za wenzake zilikauka kabla ya kengele. Ya Chiriku ililala mbichi, ikaamka mbichi, ikinuka kama kisima kilichofukiwa na kitu ndani. Nyumbani mtoto akawa anafungua mdomo, hewa inatoka, neno halitoki. Daktari akammulika koo, akatikisa kichwa: zima kabisa, halina kasoro.

Asubuhi moja mwalimu alikuwa peke yake darasani akiosha brashi. Nyuma yake akasikia, "Shangazi, kwa nini jeusi?"

Akageuka anatabasamu, machozi yakimlengalenga. Hapakuwa na mtu. Juu ya meza, duara lilikuwa likitetemeka kama maziwa yanayokaribia kuchemka.

Akamwita mganga, mama mmoja mshona nguo ambaye majini humkimbia kama paka aliyemwagiwa maji. Alifika na tepu ya kupimia bado shingoni. Akanusa, akashusha sauti.

"Nani alimwambia mtoto atoe maneno yake?"

"Mimi, mama. Nilikuwa natania."

"Jini hajui utani, mwanangu. Wewe ndiye uliyegawa, basi wewe ndiye wa kudai. Sema 'rudisha', basi. Akikuuliza kitu, usijibu. Ukijibu, na sauti yako imekwenda."

Chiriku, aliyekuwa amesimama kando yao, akalishika gauni la shangazi yake kwa nguvu. Mwalimu akainama, akasema, "Rudisha," na ile harufu ya kisima ikampanda puani, na kutoka mle ndani sauti ya mtoto ikaanza kulia taratibu, Shangazi huku kuna giza, Shangazi nishike mkono, Shangazi mbona hunijibu, kwani umenichoka, naye akauma mdomo mpaka akaonja damu, akasema rudisha, na sauti ikageuka ikawa nzito, ikawa ya marehemu kaka yake, ikimuuliza kwa upole uleule wa zamani, dada, hivi ndivyo ulivyonilelea mwanangu, na jibu likamfika kwenye ncha ya ulimi, akalimeza kama mtu anayemeza jiwe, akapiga ukelele, "Rudisha!"

Rangi ikakauka palepale, ikapasuka vipandevipande kama tope la kiangazi.

"Shangazi," alisema Chiriku kwa kinywa chake mwenyewe, "nina kiu."

Wakakumbatiana, wakalia. Mganga akaikunja karatasi, akatoka nayo kwenda kuichoma. Chiriku akaanza kumweleza shangazi yake kila kitu, baridi ya kule, jinsi alivyokuwa akiita hasikiki, maneno mfululizo kama mvua juu ya bati. Shangazi huku anacheka huku anajifuta machozi, akamjazia kikombe cha maji.

Mtoto akakishika kwa mikono miwili, akakiweka mdomoni, akanywa mpaka tone la mwisho, koo likipanda na kushuka, macho yakimtazama shangazi juu ya ukingo wa kikombe. Na muda wote huo akinywa, maneno hayakukatika.