Sindano Nyeupe Kama Maziwa

Mdomo wa chini wa baba mkwe wangu ulikuwa umenenepa. Hicho ndicho nilichokiona kwanza, nilipompelekea maji ya kunawa. Asubuhi ulikuwa mdomo wa kawaida. Sasa alionekana kama mtu aliyeumwa na nyuki.

Mchana ule alikuwa ametoka zahanati. Alijikata mguu kwa jembe, na kidonda kilianza kutoa usaha. Mimi nilimsindikiza, nikasimama mlangoni. Mganga wa zahanati alitia maji kwenye kichupa, akakitikisa, dawa ikawa nyeupe kama maziwa. Akamchoma. Hakumwuliza kitu. Hakuandika kitu.

Jioni baba mkwe, mzee Hezekia, alijikuna mikono, tumbo, hata nyayo. Alitoka vipele vikubwa kama aliyelala juu ya upupu. Lakini hakuhuzunika. Alifurahi!

"Hii ndiyo sindano!" alimwambia mama mkwe. "Imetembea mwili mzima. Imefika mpaka mdomoni!"

Baada ya siku mbili vipele viliisha. Kidonda nacho kikapona. Basi baba mkwe akaanza kutangaza. Alitangaza kwenye shamba la kijiji, kwenye kikao cha nyumba kumi, hata nje ya kanisa.

"Wewe ulichomwa, ukawashwa?" aliwauliza watu.

"Hapana, mzee."

"Basi ulichomwa maji."

Majirani wakaanza kwenda zahanati kuomba "ile ya mzee Hezekia."

Mimi nilikuwa nimeuona ule mdomo, na sikuona jambo la kufurahia. Lakini ningemwambia nani? Kwetu mke wa mtoto hasemi habari za mwili wa baba mkwe. Hata siafu wakimpanda mgongoni, unamwambia mama mkwe, naye ndiye amwambie. Tena mimi ni mtu wa aibu. Shuleni niliishia darasa la nne, na mwalimu aliwahi kufunga mlango wa darasa bila kujua kwamba nimo ndani.

Miezi sita baadaye, wakati wa baridi, mzee alishikwa na kichomi. Alikohoa huku ameshika ubavu. Homa ilipanda. Mume wangu, Cleopa, alisimamisha lori la pamba kwenye barabara ya Mikumi, tukampeleka hospitali. Mama mkwe alibaki nyumbani na mtoto wangu, Ida.

Mzee alilazwa. Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo bwana Mwinshehe, aliyewahi kukata mkonge kwenye mashamba makubwa. Mguu wake ulikuwa umefungwa plasta, lakini mdomo haukufungwa.

"Mzee, unakohoa kama treni inayopanda mlima kule Kidete," alisema.

"Na wewe unakoroma kama injini yake," baba mkwe akajibu.

Cleopa alikwenda kutafuta uji. Nikabaki peke yangu kando ya kitanda. Ndipo alipokuja nesi Verdiana na sinia lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea sindano?"

"Nimekuletea."

"Hapo sawa. Vidonge ni vya watoto."

Nesi alitia maji kwenye kichupa, akakitikisa. Dawa ikawa nyeupe kama maziwa. Niliitambua. Nilitazama mlango. Cleopa hakuonekana.

"Mwanangu, nataka ile inayotembea mwili mzima," mzee alisema.

Wagonjwa walicheka. Nesi naye alicheka, akidhani ni utani. Akamgeuza mzee ubavu. Akachukua pamba yenye spiriti, akampangusa.

"Usimchome!"

Nesi akageuka. "Nani amesema?"

"Mimi," nilisema nikitazama sakafu. "Alichomwa dawa nyeupe hivi hivi. Mdomo ukavimba. Akatoka vipele."

"Mama Ida!" baba mkwe alishangaa. "Unatangaza mwili wangu mbele ya watu?"

"Mzee," alisema Mwinshehe, "suruali umeshateremsha. Unaficha nini tena?"

Nesi Verdiana aliirudisha sindano kwenye sinia. Hakucheka tena.

"Baba, ni kweli ulivimba?"

"Kweli. Ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi."

"Hapana, baba. Ni dalili kwamba mwili wako unaikataa. Dawa hii inaitwa penisilini. Imeponya watu wengi sana. Lakini wapo wachache ambao miili yao haipatani nayo. Mara ya kwanza mtu huweza kuwashwa na kuvimba mdomo. Akichomwa tena, koo linaweza kuvimba kwa ndani na pumzi ikaziba. Anaweza kufa kabla sijafika mlangoni kumwita daktari."

Mwinshehe alijishika koo lake mwenyewe.

"Na kosa si lako," nesi aliendelea. "Aliyekuchoma alipaswa kukuuliza kwanza. Alipaswa kukuweka pale muda kidogo akuangalie, na yaliyotokea yaandikwe. Na mimi leo nilipaswa kuuliza kabla sijashika kichupa. Nisamehe, baba."

Sikuwahi kumsikia mtu mwenye gauni jeupe akimwomba mkulima radhi.

"Nimekusamehe," mzee alisema polepole. "Sasa nitapona kwa kitu gani?"

"Kwa vidonge."

Mzee alifumba macho kama mtu aliyehukumiwa. "Vidonge!"

"Pole, mtoto wetu," alisema Mwinshehe.

Daktari alikuja, akabadilisha dawa. Nesi akaandika kwenye kadi kwa wino mwekundu, kisha akanipa niisome kwa sauti. Nilisoma herufi moja moja: ASICHOMWE PENISILINI.

"Kadi hii isilale sandukuni," aliniambia. "Aende nayo kila anapotibiwa. Ikipotea, semeni kwa mdomo. Na mtu akipewa dawa, aulize jina la dawa hiyo. Kuuliza si utovu wa adabu."

Mzee alimeza vidonge vyake kwa kununa, lakini alivimeza vyote. Siku ya nane tulirudi nyumbani. Kutoka barabarani alitembea mwenyewe.

Kwenye mkutano wa kijiji alisimama, akasema yote, hata habari za suruali. Mganga wa zahanati alikuwapo. Hakukasirika. Siku hizi, kabla ya kumchoma mtu, humwuliza: "Umewahi kuwashwa au kuvimba baada ya dawa yoyote?" Jibu huliandika. Ukishachomwa, unakaa kwenye benchi nusu saa, anakuangalia. Ndani ya mwezi mmoja tu walipatikana watu wawili ambao hawapatani na penisilini. Mmoja wao ni Joha, jirani yetu, ambaye alikuwa akiiomba sana "ile ya mzee Hezekia." Wote wawili wapo, wanalima.

Baba mkwe ameitia kadi yake kwenye kifuko, anakivaa shingoni mpaka shambani.

"Mimi nina maandishi mekundu," huwaambia watu. "Wewe unayo?"

Na wakimwuliza habari zangu, husema, "Mkwe wangu yule hana adabu hata kidogo. Mungu ambariki."

Watu hucheka, na hunisifu kwamba nilikuwa shujaa. Mimi hunyamaza. Leo naandika kile ambacho sijamwambia hata Cleopa.

Siku ile, dawa ilipokuwa nyeupe kichupani, niliamua kunyamaza. Nilitazama sakafu nikangoja mtu mwingine aseme. Hapakuwa na mtu mwingine aliyejua. Pamba ilipogusa ngozi yake, sauti ikanitoka, na hata leo sijui ilitoka wapi. Kama ingechelewa kidogo, baba mkwe angekufa mbele yangu. Nami ningerudi kijijini, nikalia pamoja na wengine, na kila mtu angesema mimi ni mkwe mwenye adabu.