Duka la Mama Droo

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua viatu, Ekspresi alipitia kwanza chumba cha Babu. Jina hilo la utani alipewa na Babu mwenyewe, dereva wa treni mstaafu. "Huyu mtoto ni treni ya ekspresi," alikuwa akisema, "hasimami kituo hata kimoja." Na kweli, msichana huyo alikuwa na haraka ya ajabu. Akila, anameza bila kutafuna. Akifua, anaanika nguo na povu lake.

Lakini ndani ya chumba cha Babu haraka yote ilimwisha. Babu alikuwa ameunganisha milango miwili ya zamani ikawa meza moja ndefu, na juu yake akajenga reli ndogo inayozunguka kutoka ukuta hadi ukuta. Kulikuwa na stesheni ya maboksi, pango la karatasi za mifuko ya saruji, miti ya sponji na injini ndogo inayoenea kiganjani ikivuta mabehewa manne. Miaka tisa Babu aliijenga. Mezani palikuwa na kisanduku chenye kitufe. Ukikizungusha taratibu, taa ya injini inawaka, magurudumu yanajikokota, na treni inaondoka. Ekspresi alikuwa ameiona ikiondoka mara mia, na kila mara nywele zilimsisimka kama vile ni mara ya kwanza.

Babu hakuwa na bahati hiyo. Macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, na dunia ilikuwa ukungu mtupu. Jumatatu ya wiki hiyo alikuwa anakwenda hospitali kupasuliwa jicho moja.

"Nitarudi Ijumaa," alimwambia mjukuu wake huku akipapasa ukingo wa meza. "Nataka kitu cha kwanza nitakachokiona vizuri humu ndani kiwe treni hii ikizunguka. Miaka mitatu sasa naisikia tu, siioni sawasawa. Kazi yako ni moja. Kila jioni futa reli kwa kitambaa kikavu zisishike vumbi. Kitambaa tu. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Babu."

"Kitambaa."

"Ni kitambaa, Babu, jamani!"

Jumatatu alifuta kwa kitambaa, pole pole, kama alivyoagizwa. Jumanne wenzake walikuwa nje wakiruka kamba, wanamwita. Reli zilikuwa na mstari mweusi wa uchafu usiotaka kutoka, na kitambaa kilimchosha mkono. Akatupa macho jikoni. Kwenye sinki palikuwa na waya laini wa kusugulia masufuria, ule unaofanana na nywele za chuma. Dakika tano tu! Reli zote ziling'aa kama vijiko vipya.

"Kumbe rahisi hivi?" alijisemea. Akawasha umeme, akazungusha kitufe ajionee mwenyewe.

Injini ilitetemeka mara moja, ikanyamaza. Kisha kisandukuni kukatoka harufu mbaya, kama ya plastiki inayoungua, na uzi mwembamba wa moshi ukapanda. Ekspresi alirukia plagi akaichomoa.

Mama aliporudi kutoka kazini aliuliza, "Reli za Babu umezifuta?"

"Nimezifuta," alijibu. Lilikuwa neno la kweli, ndiyo maana lilimuuma kuliko uongo.

Jumatano alifungua kifuniko cha kisanduku. Tangu macho yalipoanza kumsumbua, Babu aliacha kuunganisha nyaya kwa risasi iliyoyeyushwa. Kila kitu alikibana kwa skrubu, na Ekspresi alijua kuzifungua. Alijua pia jina la kile kipande cheusi chenye miguu mitatu, kwa sababu Babu alimfundisha: transista. Kilikuwa kimepasuka tumboni. Akakitia mfukoni, akamwomba Mama ruhusa ya kwenda kununua "kitu cha treni ya Babu".

"Nenda kwa Mama Droo, mtaa wa nyuma ya posta," Mama alisema. "Na saa kumi na mbili uwe umerudi."

Duka lenyewe lilibanwa kati ya fundi saa na muuza viatu, jembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Lakini hizo kuta! Ekspresi alisimama mlangoni, akasahau hata salamu. Kutoka sakafuni hadi darini kulikuwa na droo ndogo ndogo, mamia kwa mamia, na mbele ya kila moja kimebandikwa kimojawapo cha vilivyomo ndani. Kulikuwa na vitaa vidogo kama punje za mahindi, vyekundu, vya kijani na vya njano. Kulikuwa na vipande vyenye mistari ya rangi kama shanga, na vingine vyenye miguu mingi kama tandu. Hakujua kwamba duniani kuna vitu vidogo vingi namna hiyo, na kila kimoja kina kazi yake. Alitamani aanze droo ya kwanza chini kabisa na kuulizia moja baada ya nyingine hadi azeeke.

"Funga mdomo, mwanangu, nzi wataingia," ilisema sauti kutoka juu ya ngazi. Mama mmoja mnene mwenye miwani alikuwa akishuka.

"Shikamoo, Mama. Mimi ni mjukuu wa yule dereva wa treni."

"Marahaba! Yule mzee wa treni ya mezani? Ni mteja wangu wa siku nyingi. Macho yake vipi?"

"Yupo hospitali. Anarudi Ijumaa."

"Mungu amjalie. Haya, maiti iko wapi?"

"Maiti?"

"Kilichokufa, mwanangu. Hapa bila maiti hatuongei biashara." Ekspresi akatoa transista. Mama Droo aliigeuza chini ya taa, akatikisa kichwa kama aliyefika msibani. "Masikini. Na marehemu alikufaje?"

Ekspresi hakulitegemea swali hilo. "Umeme... umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu."

Mama Droo alimtazama juu ya miwani. "Hakuna kingine?"

"Hakuna."

"Haya." Alipanda ngazi, akavuta droo moja bila hata kutazama kilichobandikwa, akashuka na transista mpya. Kisha akatoa nyingine iliyokatwa tumbo makusudi, pamoja na lenzi ya kukuzia. "Hebu chungulia. Unaona hicho kipunje katikati?"

Ekspresi aliinama. Ndani ya kipande cheusi kulikuwa na kipunje kinachong'aa, si kikubwa kuliko ufuta, kimeshikwa na vijiwaya vyembamba kuliko unywele.

"Hicho ndicho kinachomtii babu yako," Mama Droo alieleza. "Akizungusha kitufe kidogo, kinapitisha umeme kidogo, treni inatambaa. Akizungusha sana, inakimbia."

Ekspresi alishusha pumzi. Treni nzima, na mabehewa yake na taa yake, inasubiri amri ya punje ya ufuta! Furaha ikampanda, halafu ikamgeuka, maana alikumbuka ni nani aliyeiua ya Babu.

"Kama kweli ni umeme, hii itaishi," Mama Droo alisema akiifunga kwenye karatasi. "Mimi ni kama daktari. Dawa naitoa kwa maelezo ya mgonjwa. Mgonjwa akinidanganya, shauri yake."

Nyumbani alibana skrubu tatu, akachomeka plagi, akazungusha kitufe. Injini ikatetemeka. Harufu ikarudi. Safari hii Ekspresi hakuruka. Alichomoa plagi, akakaa sakafuni, akalia.

Alhamisi ilimkuta tena nyuma ya posta, maiti mbili mfukoni. Njia nzima alikuwa akijipangia maneno: nitasema umeme umerudia, atanipa ya tatu, nitaibana, yamekwisha. Lakini Ijumaa ilikuwa kesho. Akapata picha ya Babu amesimama mbele ya meza na jicho jipya, anazungusha kitufe, na treni haitoki.

"Wa pili huyo?" Mama Droo aliuliza. "Umeme tena?"

Ekspresi alitazama zile droo zote, kisha viatu vyake. "Si umeme, Mama. Nilikudanganya. Nilisugua reli kwa waya wa masufuria. Babu alinikataza."

Alisubiri makaripio. Badala yake Mama Droo alipiga kaunta kwa kiganja. "Lo! Sasa ndiyo tunaongea! Ule waya hukatika, mwanangu. Huacha vinywele vya chuma usivyoviona, vinalala kutoka reli hii hadi reli ile. Umeme ukiona njia ya mkato, haupiti tena kwenye injini. Mzigo wote unaiangukia transista peke yake, mpaka inapasuka. Hata ungenunua kumi, zote kumi tungezizika."

"Kwa hiyo treni ya Babu imekufa?"

"Nani kasema? Ugonjwa ukishajulikana, nusu umepona." Alipekua chini ya kaunta, akatoa sumaku nzito ya spika iliyopasuka. "Itie kwenye mfuko wa plastiki, uipitishe juu ya reli zote. Ila usiisogeze kwenye injini, utaiharibu mota yake. Injini isafishe kwa selotepu. Transista ya tatu hii hapa, na hii ni fyuzi. Ona, ni kijiwaya ndani ya kioo. Ifunge kabla ya transista. Siku mambo yakiharibika, kazi yake ni kukatika kwanza ili mwenzake asalimike." Akamchorea kwenye karatasi pa kuifunga. "Sumaku uniletee Jumatatu."

Ekspresi alikimbia hadi nyumbani, na kabla ya chochote akamweleza Mama. Mama alishika kiuno. "Na juzi ukanitazama usoni, ukaniambia umezifuta!"

"Nisamehe, Mama."

Mama akavua saa yake ya mkononi, akaiweka mbali. "Lete hiyo sumaku."

Waliipitisha pamoja, pole pole, shubiri kwa shubiri. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Halafu, kwenye makutano ya reli, vinywele vya chuma viliinuka vyenyewe kutoka penye mwanya, vikaruka, vikasimama wima juu ya plastiki kama manyoya ya paka aliyeogopa.

"Maajabu haya!" Mama alinong'ona.

Reli ambazo Ekspresi aliziona safi kama vijiko zilikuwa zimejaa. Walipogeuza mfuko nje ndani, ndani yake kulibaki shungi zima la kijivu. Selotepu nayo ilinasa vingine tumboni mwa injini. Ndipo akafunga fyuzi mahali palipochorwa, akabana transista ya tatu, na kuzungusha kitufe taratibu kuliko alivyowahi kufanya kitu chochote maishani. Taa ikawaka. Magurudumu yakajikokota. Treni ikaingia pangoni, ikatoka upande wa pili, na mama na mwana wakabaki wameshikana mikono.

Ijumaa alasiri Babu aliingia na miwani myeusi. Alisimama mbele ya meza, akaivua. Ekspresi akazungusha kitufe.

Babu aliinama hadi pua ikakaribia reli. Treni ilipopita, jicho lake jipya liliifuata, zunguko la kwanza, la pili, la tatu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Magurudumu yanazunguka," alisema hatimaye. "Nayaona yanazunguka!" Kisha akakunja uso. "Na nani amelipaka hili behewa la mwisho rangi ya buluu?"

"Ni wewe, Babu! Mwaka jana."

"Mimi nililipaka kijani!" Akaziba jicho jipya kwa kiganja, akatazama. Akaziba la zamani, akatazama tena. "Subhana! Huku kijani, huku buluu. Kumbe dunia ilikuwa na rangi zote hizi, nami nilidhani imechakaa!" Walicheka wote, hadi Mama akashika mbavu.

Ekspresi angeweza kuiacha hivyo. Treni ilikuwa inatembea. Mama alimtazama, lakini hakumsaidia kwa neno.

"Babu," alisema, "niliiua. Nilisugua reli kwa waya wa masufuria, nikaunguza transista. Nikamdanganya Mama Droo, nikaunguza na ya pili."

Babu alisimamisha treni. Akaketi kitandani taratibu.

"Unajua mimi niliunguza ngapi?" aliuliza.

"Wewe?"

"Tatu. Mwaka wa kwanza, kwa waya uleule wa masufuria. Nikamwambia Mama Droo zimezeeka. Dereva mzima wa treni, niliona haya kusema kwamba nimeshindwa na kitambaa." Alitikisa kichwa. "Ndiyo maana nilikukataza bila kukueleza kwa nini. Kukueleza ingebidi niseme yangu. Ningesema, ungeelewa, na usingeugusa waya ule. Nilidhani kosa langu limekwisha kwa kuwa nimelificha. Kumbe lilikuwa humu ndani, likikusubiri wewe."

Mama, aliyekuwa ameegemea mlango, aliangalia chini. Ekspresi hakuwa amewahi kumwona Babu akiomba radhi.

"Nisamehe, mjukuu wangu," Babu aliendelea. "Na wewe nimekusamehe, maana umefanya kwa siku tatu nilichoshindwa kwa miaka tisa. Umesema. Ukikosea, sema mapema, tena useme na sababu yake. Kosa lililosemwa watu wanaweza kulitengeneza, na mwingine anajifunza asilirudie. Hiyo ndiyo sheria ya chumba hiki kuanzia leo, na inanihusu mimi kwanza."

Jumatatu, Mama Droo alipoinua macho kutoka kwenye kaunta, aliwaona wawili mlangoni. Ekspresi ameibeba sumaku kwa mikono miwili, na Babu amevua kofia.

"Shikamoo, Mama," Ekspresi alisema. "Treni inatembea."

"Na mimi," Babu akasema, "nimekuja kukueleza zile tatu zangu zilikufaje."