Usiku Uliofutika

Kipupwe cha mwaka ule mitumba iliporuhusiwa tena sokoni, Esta alisimama juu ya meza yake Musoma mjini, kitambaa chekundu kichwani, masweta mawili mwilini, akiwakaripia wateja kana kwamba wamemwibia. Baada ya miaka ya viraka, watu waligombania nguo. Ndipo Florian wa kituo cha hali ya hewa, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakera, alipofungua mdomo wake.

"Mama, usihangaike na sweta zito hilo," alimwambia mteja. "Zamani baridi ya Julai ilikuwaga inarukaruka, leo kali, kesho hakuna. Siku hizi imetulia. Bara zima vituo vinaona hivyohivyo."

Mama akarudisha sweta. Wengine wawili wakarudisha.

"Wewe kaka, nani kakuita?" Esta aliuliza.

"Nimesema kweli tu."

"Kweli yako kanywee chai. Hapa watu wanauza."

Kesho yake Florian alirudi kuomba radhi, akanunua sweta la kijani asilolihitaji. Esta akamuuzia lenye tundu. Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, na hayakubadilika. Ufukweni walibishana, wakila sato walibishana. Esta hakuamini mwanamume. Masatu, mchumba wake wa Bunda, alimdanganya kuhusu alikolala usiku mmoja, kisha mwingine, mpaka ikabainika ana mke. Florian aliyajua hayo, na alimpenda mno.

Katikati ya Julai baridi ikashuka ghafla usiku. Asubuhi simu ya kituo ililia.

"Mtabiri wangu wa uongo, hujaganda?"

"Nani mwenzangu?"

"Kwani unao wangapi? Masweta yote yamekwisha. Si ulisema baridi imetulia?"

"Esta, usiku mmoja si miaka thelathini. Kutulia si kwisha."

"Una maneno wewe. Nakuja unionyeshe."

Alifika kabla vipimo havijasomwa. Florian alikuwa ndani, kwenye simu ya Mwanza. Esta hakungoja. Alifungua kisanduku cheupe uani, akatoa kipimajoto, akakiinua juani. Ndani yake mlikuwa na kijiti chembamba ambacho hubaki pale baridi ya usiku ilipofika chini kabisa. Kipimajoto kilipoinama, kijiti kikateleza.

Florian alitoka, akaona. Huenda ulikuwa usiku wa baridi kuliko wote wa kazi yake.

"Umeufuta usiku mzima."

"Si uandike namba yoyote? Nani atajua?"

"Mimi."

"Kwa hiyo kijiti kinanishinda mimi?"

"Toka, Esta. Toka kabla sijasema neno baya."

"Umeshalisema."

Siku zikapita, hakuna aliyemtafuta mwenzake. Esta aliuza kwa chuki, akijiambia mwanamume huyu naye kwaheri. Kisha Penina, mfagizi wa kituo, akaja mezani kwake.

"Kijana wako kakaripiwa mbele ya wote," Penina alisema. "Kamwambia mkuu ni yeye aliacha kisanduku bila kufuli. Jina lako hakulitaja."

"Si angeandika namba tu yakaisha?"

"Huyo? Huyo hawezagi kudanganya. Hata usiku mmoja."

Alimkumbuka Masatu na uongo wake mtamu, akaona haya, na hasira haikumtoka. Alifunga meza mapema, akaenda posta kupiga simu.

"Kituo cha hali ya hewa," Florian aliitika.

"Bado nimekasirika."

"Na mimi."

"Ulinifukuza kama mbuzi."

"Kukufukuza nilikosea. Kukasirika sikukosea."

"Hata kuniongopea kidogo huwezi, mpenzi?"

"Siwezi."

Esta alifuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Watu wa foleni walikuwa wakimtazama, naye akawageuzia mgongo.

"Basi wazee wako waje kwa baba, Butiama. Mwezi huuhuu."

Upande wa pili kiti kikaburutwa.

"Huko kuna baridi?" Florian aliuliza.

"Mwenye kazi hiyo si wewe? Waje na masweta. Na lile lako la kijani niletee, nilizibe tundu."