Utando wa Atomu Tatu

Kioo kilikuwepo mezani, kizima, kisafi kabisa. Kilichoibwa juu yake hakionekani kwa macho.

"Sasa mimi nipeleleze nini hapa?" aliuliza Inspekta Klementina. Baridi ya asubuhi ya Sumbawanga ilikuwa imemharibia siku mapema.

Dakta Leonia, mkuu wa maabara, alikuwa analia waziwazi. "Palikuwa na utando wenye unene wa atomu tatu tu, afande. Mwanga ukiupiga, elektroni huruka na kuacha tundu, kisha viwili hivyo husafiri pamoja vikibeba nishati. Utando wetu uliviongoza tulikotaka. Wageni wanaotufadhili wanakuja kesho kuuona. Bila huo, maabara inafungwa."

"Mtu anaweza kuubandua kwa kutumia kitu gani?"

"Selotepu. Ndiyo tunayotumia hata kuutengeneza: unabandua tabaka za jiwe, unabandua, mpaka utando ubaki mmoja."

Klementina akapindua pipa la takataka. Kati ya karatasi kilikuwemo kipande cha selotepu, na kwenye gundi, alama ya dole gumba iliyokolea vizuri.

"Nani hapa hufanya kazi bila glavu?"

Leonia akasita. "Mzee Isdori, fundi wetu. Anasema ukivaa glavu husikii utando unapoachia."

Isdori alikuwa fundi saa wa mtaa wa Majengo kwa miaka thelathini, mpaka simu zikammalizia wateja. Alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini, mikono mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Dole hili la nani?"

Hakulitazama. "Langu. Niliubandua jana jioni, ukachanika wote kwenye gundi."

"Kwa nini?"

"Miaka miwili nabandua mimi. Mimi ndiye niliyeona kwamba ukiulaza juu ya ukingo, nishati ya mwanga hukimbilia pale utando unapovutika. Nikamwita Daktari aje aone. Juzi makala ya utafiti huu imetoka. Majina sita, mengine ya watu wasioujua hata mlango wa maabara hii. Langu halimo. Nikamuuliza. Akanijibu, wasomi hawatamtilia maanani fundi saa."

Klementina alizikumbuka ripoti zake mwenyewe zilizosainiwa na wakubwa kama zao. Roho ilimuuma, lakini akatoa pingu akamfunga.

Leonia akaja mbio. "Mzee, tengeneza mwingine! Jina lako naliweka leo hii, la kwanza kabisa!"

Isdori akainua mikono. Mnyororo wa pingu ulikuwa ukilia wenyewe.

"Tangu jana inatetemeka hivi, Daktari," alisema. "Asubuhi nimeshindwa hata kufunga vifungo vya shati."